Hedifoni moja, watu watatu hatuelewani

Shikamoo Shangazi,

Nakuomba usicheke. Najua watu wanakuandikia kuhusu ndoa zinazovunjika na wanaume wanaotelekeza watoto, na mimi nakuja na habari ya hedifoni. Lakini hapa nyumbani imefika mahali tunakula kimya, na chanzo ni hicho.

Naishi Mbagala na mume wangu, binti yetu wa miaka minne, na mama mkwe ambaye alihamia kwetu baada ya kufiwa. Tuna vyumba viwili na sebule. Kazi yangu ni kuandika mahojiano. Watafiti, wengi wao wa mambo ya afya, wanakwenda kurekodi watu, wananitumia sauti, nami naandika kila neno kwenye laptopu. Nalipwa kwa dakika za sauti nilizomaliza, kwa hiyo hata nikirudia sentensi moja asubuhi nzima hela inabaki ile ile. Nakaa sebuleni kuanzia mtoto akishakwenda chekechea, na tena usiku wakishalala. Siku mbili kwa wiki napanda daladala kwenda ofisini kwao mjini. Njiani nasikiliza taarabu, na hiyo ndiyo starehe yangu pekee.

Iafoni ninazotumia zilikuja na simu yangu ya zamani. Sikio la kushoto linakatika mpaka niukunje waya karibu na plagi na kuushikilia hivyo kwa kidole. Besi imejaa, maneno yamefunikwa. Kuna mama mmoja kwenye rekodi, nyuma yake kuku wanalia na mashine ya kusaga inanguruma. Nimemsikiliza mpaka nimechoka na bado sijui alisema "nilikuwa nina kadi ya bima" au "nilikuwa sina". Na vile vipira vikikaa masikioni kwa muda, ndani kunauma mpaka kwenye taya.

Mwezi huu tumevunja kikoba, nimebaki na shilingi 120,000 ambazo ni zangu mwenyewe. Nikaona ninunue hedifoni ya maana, inayosikika vizuri, isiyoniumiza na inayoingia kwenye mkoba. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mume wangu ana rafiki anayeuza vifaa vya simu Kariakoo. Amemwambia ana hedifoni kubwa isiyo na waya, ya kampuni yenye jina, inayofuta kelele, boksi halijafunguliwa. Dukani ni laki tano na ushee, lakini sisi atatupa kwa 95,000 kwa kuwa ni ndugu. Tumeambiwa tuichukue Jumamosi. Mume wangu ameshampa neno, anasema nikiikataa nitamwaibisha, maana rafiki huyo ndiye aliyetukopesha hela ya kodi wakati kazi zilipokuwa zimesimama. Bei hiyo hainiingii akilini, ila siwezi kuita mali ya mtu feki bila ushahidi.

Mama mkwe naye hataki hedifoni ya aina yoyote. Akiniita nikiwa na iafoni nachelewa kuitika. Anaita mara ya kwanza, ya pili anashusha sauti, halafu ananyamaza, na huko kunyamaza kwake ndiko kesi yenyewe. Amemwambia jirani kwamba wakamwana wa siku hizi wanaziba masikio wasisikie wazee. Aliyenifikishia maneno hayo ni jirani huyo huyo. Kwa macho yake mimi nimekaa kwenye kochi nasikiliza muziki huku yeye anamenya viazi. Nikivaa lile dude linalofunika masikio yote si ndiyo nitakuwa nimemtangazia vita?

Mwenzangu wa ofisini ananishauri ninunue tu ya waya, ya bei ndogo. Lakini simu yangu ya sasa haina tundu la waya, ina la chaji peke yake. Halafu navaa miwani, na nikitoka navaa mtandio.

Nichague nini, Shangazi? Na nianze kuongea na nani?

Mama N., Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Sijacheka. Kitu kinachokaa kichwani kwako kutwa, na ndicho kinachokuingizia hela, si kitu kidogo.

Nimesoma barua yako mara mbili. Juu juu unauliza hedifoni ipi. Chini yake unauliza kwa nini kila mtu mle ndani ana neno juu ya masikio yako, na hela ni zako. Nianze na kifaa kwa kuwa ndicho rahisi, ingawa utaona hayo mawili hayakai mbali.

Unataka sauti, starehe na kubebeka. Kwa 120,000 ni nadra vyote vitatu vikakaa kwenye kitu kimoja. Hata mwenye milioni mfukoni mara nyingi huwa anaacha kimojawapo. Hebu angalia saa zako zinaishia wapi. Kwa maelezo yako, nyingi zinaishia kwenye kochi. Daladala ni siku mbili, na huko unasikiliza taarabu, ambayo hata kwenye iafoni ya bei rahisi inasikika. Yule mama wa kadi ya bima hasikiki kwenye kitu cha hivyo hivyo. Umejiuliza kama ni lazima kifaa kimoja kifanye kazi zote mbili? Labda ni lazima, wewe ndiye unayejua mkoba wako na hela zako. Nauliza tu, kwa sababu umeandika kana kwamba jambo hilo limeshakatwa.

Tuje kwenye sauti. Dukani watu wanapima hedifoni kwa besi, na muuzaji anajua, ndiyo maana atakuwekea wimbo wa kutikisa. Wewe besi haikusaidii. Herufi kama s, f na sh zinaishi kwenye sauti za juu na hazina nguvu, kwa hiyo besi ikizidi zinamezwa. Sasa "nina" na "sina" zinatofautiana kwa herufi moja tu, na upande mmoja ni hiyo s. Unachohitaji ni hedifoni iliyo wazi katikati na juu, hata kama kwenye taarabu utaiona nyembamba kidogo. Ukienda dukani usikubali wimbo wao. Jirekodi mwenyewe ukisema maneno kama hayo huku feni inazunguka, nenda na sauti hiyo, ijaribu kwenye kila kifaa. Rekodi za watafiti usizitumie, zile ni siri za watu.

Kuhusu waya, mwenzako wa ofisini ana hoja ambayo huenda hakuieleza. Kazi yako ni ya kusimamisha na kuendeleza, kusimamisha na kuendeleza. Bluetooth inachelewesha sauti kidogo, na baadhi ya hedifoni zisizo na waya zinasinzia kukiwa kimya, ukibonyeza tena zinameza silabi ya kwanza. Kwa anayeangalia mpira hilo si kitu. Kwako wewe silabi ya kwanza ndiyo "si" au "ni". Waya hausinzii wala hauombi chaji. Ubaya wake unaujua, unaushika kwa kidole sasa hivi. Ndiyo maana ukipata hedifoni ambayo waya wake unachomoka, ukikatika unabadilisha waya peke yake.

Simu isiyo na tundu isikutishe. Laptopu nyingi bado zina tundu la milimita 3.5, na kwa simu kuna adapta ndogo ya kuchomeka kwenye chaji. Ila hazifanani. Zipo zinazopitisha tu sauti ambayo simu imeshaiandaa, na hizo kwenye simu nyingine hazitoi hata mlio. Zipo zenye chipu yake ya kugeuza sauti, na hizi zinakubali simu nyingi zaidi. Ijaribu na simu yako pale pale kabla hujatoa hela. Tena ukiona kwenye boksi pameandikwa ohm, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, 16 hadi 32 ni kawaida kwa simu na laptopu. Zile za studio za ohm 250 zinataka kikuza sauti, waachie wenye studio.

Nikutajie chache upate picha, si kwamba ukazinunue. Sony MDR-ZX110 ni ya waya, nyepesi, inakunjika, inakaa juu ya sikio. Audio-Technica ATH-M20x inazunguka sikio lote, lakini waya wake ni mita 3 na hauchomoki. Sebuleni sawa, kwenye daladala utamfunga konda. JBL Tune 510BT haina waya, inakunjika, na kampuni inasema inafika saa 40 kwa chaji moja. Koss Porta Pro imekuwa sokoni tangu 1984, inakunjika mpaka inaingia kiganjani, na mgongo wake uko wazi, maana yake sauti ya nyumba inaingia na sauti yako inatoka. Nyingine utazikuta Kariakoo, nyingine ni za kuagiza, na bei inabadilika kwa mtaa na kwa siku.

Hapo kwenye mgongo wazi nataka usimame kidogo. Kwa hedifoni ya namna hiyo utamsikia mama mkwe akikuita kutoka jikoni. Faida kubwa! Lakini mtu aliyekaa karibu nawe naye anaweza kusikia yule mgonjwa anasimulia maradhi yake. Iliyofungwa inatunza siri za watu na kukukinga na televisheni, ila inakutoa nyumbani ukiwa umekaa palepale. Sioni iliyo sahihi kati ya hizo mbili bila kujua kochi lako liko wapi na nani anapita nyuma yake.

Starehe usiipime kwa kuvaa nusu dakika. Vaa na miwani yako, kaa nayo, muache muuzaji achoke. Inayokaa juu ya sikio inaligandamiza kwenye mkono wa miwani, na maumivu hayaji papo hapo. Inayozunguka sikio haigandamizi hivyo, lakini kwa joto la Dar utalowa, na ngozi ya bandia kwenye sponji zake huanza kubanduka na kukuachia magamba meusi shavuni. Uliza kama sponji za kubadilisha zinapatikana. Ukivaa juu ya mtandio, kitambaa kitaacha upenyo na besi itapungua. Kwa maneno haina shida, kwa taarabu utaona tofauti. Njiani, ndani ya mtandio, iafoni ndogo ina nafasi yake, na mara nyingi vile vipira vinauma kwa sababu saizi siyo. Kwenye boksi huwa kuna saizi kama tatu, watu wanatumia iliyokuja imevalishwa na nyingine wanatupa.

Sasa huku kufuta kelele. Pengine unadhani kungekupa ukimya kama tu hedifoni ingekuwa ya kweli. Hata ile ya laki tano inafanya kazi vizuri kwenye mngurumo wa chini usiobadilika, kama feni, jenereta au injini ya basi. Mtoto anayelia, televisheni na watu wanaobishana vinapunguzwa kidogo tu. Na kelele iliyo ndani ya rekodi, wale kuku na ile mashine, hakuna hedifoni inayoifuta.

Jambo moja la afya nitalisema kwa ukali. Usishindane na televisheni kwa kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akisikiliza kwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) anaweza kufika saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Kwa desibeli 90 ni saa 4 tu. Hizo saa 4 wewe unazimaliza kabla ya Jumanne kuisha. Masikio yako ndiyo mtaji, na yakiharibika hayana fundi.

Kwa mama mkwe nitakaa zaidi. Walkman ya Sony, ile mashine ndogo ya kaseti ya kusikilizia muziki ukitembea, ilipotoka mwaka 1979, ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza muziki unashuka na unamsikia mwenzako kupitia maikrofoni ndogo. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ile, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki wake peke yake. Kwa hiyo mama mkwe wako si mshamba wala hana roho mbaya. Aliloliona yeye Mbagala lilimsumbua hata mwenye kiwanda.

Lakini je, una uhakika kinachomuudhi ni hedifoni? Mwanamke amefiwa, amehamia nyumba ya mwanawe, anamenya viazi, anaita na haitikiwi. Na kazi yako haina dalili ya kazi. Hakuna mashine inayolia, hakuna wateja mlangoni, unaonekana umekaa tu. Pengine hajawahi kuambiwa ile hela ya unga inatoka wapi. Ipo njia ya kumwonyesha. Siku akiwa na nafasi, mwombe akusimulie kitu chochote, ujana wake au kijiji chao, mrekodi kwa ridhaa yake, kisha akae pembeni yako aone maneno yake yakigeuka maandishi. Huenda akafurahi. Huenda pia akaona unamfanya kitu cha majaribio, hasa kama bado ana kinyongo, kwa hiyo chagua siku. Njia nyingine ni ndogo zaidi: mpe saa zako. Umwambie kuanzia saa fulani hadi fulani usikii, baada ya hapo sikio moja liko wazi. Kompyuta na simu nyingi zina mpangilio wa mono unaochanganya sauti za pande mbili, ukiuwasha hutakosa neno hata ukivaa upande mmoja. Hatari ya njia hii ni kwamba ukishaahidi sikio la wazi, atalipima. Na yule jirani, mwanangu, mpunguzie habari.

Nimebakiza mume na rafiki yake. Boksi ambalo halijafunguliwa si ushahidi, maana wanaotengeneza feki wana mashine za kufunga maboksi pia. Bei ya robo au chini ya robo ni dalili, si hukumu. Hata rafiki anaweza kuwa ameuziwa naye hajui. Kipimo kipo. Iwashe karibu na feni inayozunguka kwa kasi, washa kufuta kelele, zima, washa tena. Ya kweli utasikia mngurumo umeondoka waziwazi. Feki nyingi hutamka tu kwamba imewaka, na feni inaendelea kama kawaida. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye kifaa, na jaribu kuiunganisha na programu ya kampuni yenyewe.

Unaweza kukubali kuinunua kwa sharti la kuijaribu hivyo kwanza. Lakini kumrudishia mtu anayewadai fadhila ni kugumu kuliko kumrudishia muuzaji usiyemjua. Unaweza kumshukuru kwa ile na ukamwomba akutafutie ya waya ya kawaida, kisha adapta na sponji pia ununue kwake. Heshima inabaki, ingawa anaweza kukuletea "ofa" nyingine. Au ukatae moja kwa moja, na mume wako abebe neno lake. Kila njia ina wa kuumia kidogo.

Nataka kujua neno hilo lilikuwaje. Alisema mtainunua, au alisema mtakwenda kuiona? Baina ya marafiki hayo mara nyingi huchanganyika. Na ile hela ya kodi mliyokopeshwa mmeshailipa? Barua yako haisemi. Kama bado, inawezekana mume wako haoni hedifoni kabisa; anaona nafasi ya kupunguza aibu yake kwa rafiki, na inapunguzwa kwa hela ya kikoba chako. Hilo ni zungumzo la mke na mume, na ni tofauti na kubishania feki na orijino. Mama mkwe anaweza kusubiri wiki ijayo akusimulie ujana wake. Rafiki wa Kariakoo anawangoja Jumamosi.

Shangazi